Ofisi mbili za viza mjini na kesi yangu ya zamani: moja imekula pesa, moja imefanya kazi

Nianze na nyota ndio wenye haraka waende zao. Ofisi ya kwanza, ile ya vioo na viti vya ngozi, nyota 1, na hiyo 1 ni ya chai. Ofisi ya pili, ya mama mmoja ghorofa ya nne kwa jengo halina lifti, nyota 4, ingekuwa 5 kama asingepaza sauti, nitaeleza. Majina sitaji. Ya kwanza siitaji kwa sababu sitaki kupelekwa kortini tena, niko na kesi moja tayari na hiyo moja ndio imeleta haya maneno yote.

Mimi nauza spea za pikipiki Kirinyaga Road hapa Nairobi. Mwaka 2013 nilikosana na jamaa pale Muthurwa juu ya deni, tukashikana mashati, yeye akapoteza jino mimi nikapoteza kesi. Kifungu 251 cha sheria ya adhabu, kushambulia na kujeruhi, faini elfu 30 ama miezi 4 ndani. Ndugu zangu wakachanga siku hiyo hiyo, nikalipa, nikaenda nyumbani, miaka ikapita. Sasa dadangu ni nesi huko Coventry, Uingereza, na akapata mtu wa kumuoa, baba yetu alishatangulia, mimi ndio kaka mkubwa, kwa hivyo hakuna vile harusi ingefanyika na kiti cha familia kikae wazi. Viza lazima itafutwe.

Ofisi ya kwanza nilielekezwa na jirani wa duka. Ukiingia unaona bendera za nchi zote ukutani na picha za watu wamebeba masanduku wakicheka, msichana wa mapokezi anakuita bosi, unaletewa chai kwa kikombe kizuri, alafu kabla hujamaliza chai unaambiwa ada ya ushauri ni elfu 5 na hairudishwi. Nikatuma M-Pesa. Nikaingizwa kwa mshauri, kijana wa tai, anaongea haraka, kompyuta mbili mbele yake. Akauliza unaenda wapi, una nani kule, unafanya kazi gani, yote sawa, mpaka nikamwambia niko na kesi ya zamani. Hapo akafunga mlango.

Akaniambia, "Bosi, hiyo wacha. Hapo kwa fomu tunaweka hapana. Sistimu za hapa haziongei na za kule, hakuna mtu atajua." Nikamuuliza na wakiuliza cheti cha polisi? Akasema hiyo pia si shida, kuna mtu anaweza kunitolea cheti safi kwa elfu 15, kimeandikwa hakuna rekodi. Alafu akaniandikia bei ya pakeji nzima kwa karatasi: 85,000, ndani yake kuna kujaza fomu, cheti, barua, kile yeye aliita kufuatilia faili, kwa sababu ati wako na mtu ndani ya ubalozi, na ushauri wa kuniambia nikope pesa niweke kwa akaunti ionekane nimeshiba.

Sasa hapa wacha nikae kidogo kwa sababu najua kuna watu wanasoma hii na ejenti amewaambia maneno kama haya haya, na yanaingia vizuri kwa masikio ukiwa na aibu ya kesi. Fomu ya Uingereza ya mgeni wa kutembea ina swali la rekodi, na si swali moja la ndio na hapana hivi hivi, inakupa orodha: hukumu ya jinai, adhabu ya makosa ya barabarani kama kunyang'anywa leseni, kukamatwa ama kushtakiwa kwa kesi ambayo bado inaendelea, onyo rasmi, hata hukumu ya madai kama ya kutolipa deni. Unachagua inayokuhusu na unaeleza. Mwisho wa fomu unathibitisha kwamba yote ni kweli. Anayethibitisha ni wewe. Yule kijana wa tai jina lake haliko mahali popote, amejaza kwa kompyuta yake, amekula 85,000, na siku mambo yakiharibika yeye anaendelea kunywa chai na wewe ndio mwenye pasipoti.

Na adhabu ya kudanganya ni kubwa kuliko ya kesi yenyewe, hiyo ndio watu hawaelezwi. Kwa mtu kama mimi, faini tu, sheria za Uingereza zinasema mgeni aliyepewa adhabu isiyo ya kifungo anakataliwa kama mwaka mmoja haujapita tangu ahukumiwe. Mwaka mmoja! Yangu ni ya 2013. Lakini ukipatikana umedanganya kwa maombi unaweza fungiwa mlango miaka 10. Canada ni miaka 5. Marekani ndio mbaya zaidi, ukidanganya jambo la maana ili upate viza hiyo inakuandama maisha yako yote isipokuwa wakupe msamaha maalum. Kwa hivyo jamaa alikuwa ananiuzia miaka 10 ya kukataliwa ili anifiche kitu ambacho hakingenizuia. Na hicho cheti safi cha elfu 15 ni kughushi, ambayo hapa kwetu ni kosa la mpaka miaka 3 ndani. Mtu anaenda kuficha kesi ya faini kwa kujitafutia kesi ya jela.

Kitu ingine ilinikera ni kwamba viza ya kutembea Uingereza haitaki cheti cha polisi hata kidogo. Hakiko kwa orodha. Walikiweka kwa pakeji juu kinaonekana ni kazi kubwa. Na ile maneno ya mtu ndani, mimi nimeuza spea miaka mingi, najua mtu akikuambia ako na mtu ndani ya godauni maana yake hana mali.

Nikaacha elfu 5 yangu hapo nikaenda.

Cheti cha tabia njema, ndio hicho cha polisi, hata hivyo niliamua kukitafuta mwenyewe, nione kimeandikwa nini, maana huwezi eleza kitu hujui kinasomeka aje. Hapa nitoe rivyu fupi ya bure: unaingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, unalipa 1,050, unaprinti invoisi pamoja na fomu ya vidole ya C24 mbele na nyuma kwa karatasi moja, si mbili, mbele na nyuma, alafu unaenda kupigwa alama za vidole. Mimi nilienda Huduma Centre ya GPO. Yule dada wa vidole alikuwa mpole, ananishika kidole kimoja kimoja anakizungusha kwa wino, hana maswali. Nyota 5. Cheti kikatoka na ile kesi imeandikwa vizuri kabisa, sikushangaa.

Yule mama nilisikia habari yake kwa dereva wa lori wa Mombasa ananunuanga bolti kwangu, ambaye alikuwa na maneno yake na polisi zamani na sasa anaendesha malori huko nje. Mama mwenyewe alikuwa karani wa korti mpaka akastaafu. Ofisi yake ni chumba kimoja, meza, printa ya zamani, benchi ya wateja, na feni ambayo inaelekea kwake peke yake. Hakuna chai. Hakuna bosi. Nikasalimia, akaniitikia bila kuinua macho, akasema, "Kijana, karatasi za korti ziko wapi?" Nikamwambia sina, niko na cheti tu. Akasema basi ushuke, uende ile korti ilikuhukumu, ombe nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu zenye muhuri wa korti, na utafute risiti ya faini, alafu urudi, na hakunitoza kitu siku hiyo.

Kwa wale wanajiuliza, ndio, faili ya zamani inapatikana, ukiwa na namba ya kesi inakuwa rahisi sana. Mimi namba niliipata kwa risiti ya faini, ambayo mama yangu mzazi alikuwa ameiweka kwa bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki za watoto wote. Wazee wetu wacha tu.

Niliporudi ndio nikaelewa kwa nini watu wanapanda hizo ngazi zote. Mama alichukua ile hukumu akasoma yote, mstari kwa mstari, na kalamu mkononi, hata mahali hakimu ameandika mshtakiwa ni mkosaji wa kwanza akapiga mstari chini. Kijana wa tai hakuwa ameniuliza hata ni kifungu gani. Alafu mama akaniuliza, "Wewe ulifungwa?" Nikamwambia nilipewa miezi 4. Akanitazama juu ya miwani. "Soma hapa. Faini, ukikosa kulipa ndio miezi 4. Ulilipa?" Nikamwambia nililipa. "Risiti hii hapa. Kwa hivyo hukufungwa hata siku moja. Usiwahi andika miezi 4 bila kuandika faini imelipwa, utajifunga mwenyewe kwa mdomo wako."

Hiyo dakika moja ndio nililipia, na naona wengi hawajui, kwa sababu huku kwetu mtu akisimulia kesi yake anataja ile miezi, inasikika ngumu. Lakini mtu wa viza anaangalia adhabu ilikuwa ya aina gani. Kifungo cha mwaka mmoja kwenda juu, kwa mgeni wa Uingereza, ni kukataliwa. Kifungo chini ya mwaka, inahesabiwa kama mwaka umepita tangu kifungo kiishe. Faini, ama kifungo cha nje, inahesabiwa tangu siku ya hukumu. Ukichanganya faini na kifungo kwa maelezo yako umejihamisha kutoka kundi moja hadi lingine bila hakimu kukuhamisha.

Alafu akaniambia niandike maelezo yangu ya ile sehemu ya rekodi. Nikaandika, nikajaza ukurasa mzima, vile jamaa alianza kunitusi, vile deni lilikuwa lake, vile mimi ni mtu wa kanisa na watoto watatu. Mama akasoma akanirudishia. Akasema hapo hawasomi stori, andika tarehe, korti, kosa na kifungu, adhabu, faini imelipwa lini, hakuna kesi nyingine kabla wala baada, nakala zimeambatishwa. Mistari minne. Nikasikia uchungu kidogo kukata ile sehemu ya deni, kwa sababu ni ukweli deni lilikuwa lake, lakini nikakata.

Kitu ya kushangaza, kesi ilichukua muda mfupi kuliko mambo ya duka. Akaniambia kesi yako ni ya zamani na ni faini, hiyo imeisha, sasa shida yako ni wataamini aje utarudi. Akataka stetimenti ya benki na ya laini ya duka ya M-Pesa, leseni ya biashara ya kaunti, mkataba wa nyumba ya duka, karatasi za ushuru za KRA, vyeti vya watoto, barua ya dadangu na mshahara wake. Nikamtajia ule ushauri wa kukopa laki 4 niweke kwa akaunti. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema pesa ikiingia kubwa siku chache kabla ya maombi na haina baba wala mama, hiyo ndio inakataza watu viza, sio jino la 2013.

Sasa sababu ya kukosa nyota ya tano. Benchi ya wateja iko karibu na meza kiasi kwamba magoti yako yanagusa droo, na mama anaongea kwa sauti ya korti, ile ya kuita majina kwa kordo. Kesi yangu ilisikika na kila mtu, na mimi nikasikia zao zote. Kama uko na kesi hutaki isikike, nenda asubuhi sana ukute benchi haina watu. Lakini kwa kusikiza za wengine nimejua mambo, wacha niwape kidogo.

Kulikuwa na kijana anataka Marekani, alishikwa na msokoto wa bangi akapigwa faini ndogo kuliko yangu, na bado yake ni nzito kuliko yangu. Wamarekani kwa mambo ya dawa za kulevya hawaangalii faini ilikuwa ngapi, hukumu ya aina hiyo inakuzuia, na njia iliyobaki ni afisa akubali kukuombea msamaha wa muda. Na fomu yao ya DS-160 inauliza kama umewahi kukamatwa ama kuhukumiwa kwa kosa lolote hata kama ulisamehewa, kwa hivyo wale wanasema mimi niliachiliwa hainihusu, kukamatwa peke yake kunaandikwa. Ada ni dola 185 na ukikataliwa hairudi, kwa hivyo kijana aliambiwa afikirie kwanza kabla ya kupanda matatu ya Gigiri kwenda ubalozi wao.

Mwingine alikuwa na kesi ya wizi, simu, alikuwa mdogo wakati huo lakini ameshapita miaka 18. Huyu mama alimchorea kabisa. Wamarekani wana nafuu kwa kosa moja dogo, lakini wanaangalia sheria ingeweza kukupa miaka mingapi, sio ulipewa nini tu. Isizidi mwaka mmoja, na wewe mwenyewe usiwe ulipewa zaidi ya miezi 6. Wizi wa kawaida kwetu ni kifungu 275, mpaka miaka 3. Kwa hivyo hata kama hakimu alikuhurumia akakupa faini ya elfu 2, ile nafuu imekupita. Yule kijana alinyamaza sana. Mimi nikaangalia yangu, 251, inafika miaka 5, nikaona heri dada aliolewa Coventry na sio Texas, ingawa mama alisema kupigana si lazima wakuhesabie kama wizi na udanganyifu, inategemea.

Canada nao wanachukua kosa lako wanatafuta lingeitwaje kwa sheria yao. Dereva mmoja alishikwa amelewa kwa usukani, hapa kwetu hiyo tunaona ni mambo ya wikendi, lakini tangu Desemba 2018 wao wameifanya kosa kubwa, haifutiki yenyewe baada ya miaka 10 kama zamani, lazima uombe rasmi kutambuliwa umebadilika, na huwezi omba mpaka miaka 5 ipite tangu umalize adhabu yako yote, na faini pia ni adhabu. Wa Ulaya, ile ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi, fomu haina swali la rekodi kabisa, euro 90, ingawa wanachunguza kwa njia zao.

Na kuna mzee aliingia na barua ya kifungo cha miaka 2, alishamaliza zamani, anataka kutembelea mtoto Uingereza. Mama akasoma, akamrudishia karatasi, akamwambia mzee wangu, mimi hapa sina uwezo, utafute wakili anajua sheria ya uhamiaji ya huko, na usikubali mtu akuambie uweke hapana. Hakuchukua pesa yake. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda huyu mama lakini hapo ndio niliamua nitaandika hii.

Bei yangu ilikuwa elfu 8 yote kwa jumla, risiti ya kuandikwa kwa mkono, ukitaka ya mashine utangoja sana. Ada ya viza nililipa mwenyewe kwa kadi, pauni 127 wakati huo, mwaka 2025, na mama alisisitiza nikae kwa kompyuta mimi, nibonyeze mimi, nisome kila ukurasa kabla ya kutuma. Ni mzee, anachapa kwa vidole viwili, ukiwa na haraka utaumia. Akikuambia karatasi imekosekana usibishane, utapoteza. Na hapokei simu, usimpigie.

Viza ilitoka, ya miezi 6. Pale uwanja wa ndege Heathrow afisa aliniuliza naenda kwa nani na nitarudi lini, nikajibu, akagonga muhuri. Kwa harusi nikakaa kiti cha mbele nikatoa mahubiri marefu kuliko ya padri.

Wale mtaniuliza niwatumie jina la hiyo ofisi ya vioo, hapana. Angalieni tu hii: ukitaja kesi na mtu asikuombe karatasi ya hukumu aisome, amka. Ya mama nitawaelekeza wenye shida ya kweli, lakini aje na nakala zenye muhuri mkononi kwa sababu bila hizo atarudishwa ngazi zote nne, na Jumamosi anafunga saa saba.